Msaga Meno wa Ghorofa ya Tano

Mama Benedikta alikuwa na siku kumi na moja tu tangu ashuke kutoka Rombo alipotoa tangazo lake. Alilitoa wakati wa chai ya asubuhi, huku akimpakia mwanawe siagi kwenye mkate, mwana mwenye miaka arobaini na mbili na mikono miwili mizima.

"Mama Candida," alimwambia mkwewe, akimwita kwa jina la binti yake aliye shule ya bweni, "usiku unasaga meno."

Vicky alicheka. Alidhani mama mkwe ameanza kuzoea nyumba na sasa analeta utani.

"Mimi, mama?"

"Wewe. Ukuta wenyewe wa mbao. Nalala nasikia kama mtu anakwangua ukoko wa sufuria."

Vicky akamgeukia mumewe ili wacheke wote. Goodluck alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha yeyuka zamani.

"Ni kweli," alisema bila kuinua macho. "Hata mimi huwa nasikia. Sikutaka tu kukuudhi."

Sasa hapo mtu utajitetea vipi? Ukiambiwa umetukana, utawataja waliokuwepo. Lakini jambo ulilolifanya usingizini wewe mwenyewe hukuwepo, na waliokuwepo ni wawili, nao wamekubaliana. Tena Vicky, ukweli usemwe, alikuwa analala fofofo. Mwaka ule transfoma ilipolipuka kwenye kona ya mtaa na jengo zima likashuka ngazi na magodoro kichwani, yeye alihadithiwa asubuhi. Na feni yao ya chumbani ilikuwa na kelele za kutosha kumficha simba. Kwa hiyo alisema, "Pole, mama. Kumbe nawasumbua." Akanywa chai yake.

Familia hiyo ilikuwa inakaa Kariakoo, ghorofa ya tano ya jengo ambalo lifti yake inafanya kazi inapojisikia. Goodluck alikuwa na duka la vipuri vya magari mtaa wa Gerezani. Vicky duka lake lilikuwa chini ya jengo hilohilo: fremu moja ya vifungo, zipu, lastiki na lesi, ambako mafundi cherehani walikuja kutoka Ilala, Mbagala na hata Moroni kule Komoro. Aliianza kabla hajaolewa, na meza moja kwenye kibaraza cha watu, kisha nusu fremu, kisha fremu nzima yenye jina lake kwenye mkataba. Aliipenda kwa namna ambayo hakuwahi kumwambia mtu, maana angeonekana anapenda vifungo kuliko binadamu.

Ubaya wake ni kwamba hakuwa na sababu ya kutoka. Asubuhi ngazi tisini kwenda chini, jioni ngazi tisini kwenda juu, katikati ya maboksi ya watu yaliyopangwa mpaka kwenye vishikio. Iliweza kupita wiki nzima hajakanyaga upande wa pili wa barabara. Juu, madirisha yote yalikuwa na nondo, na ukifungua la jikoni unakutana na ukuta wa jengo la jirani, karibu kiasi kwamba Vicky aliwahi kuazimana chumvi na mama wa upande wa pili bila yeyote kati yao kuvaa viatu. Zamani hayo hayakumkera. Yalianza kumkera mwaka huu, mama mkwe alipokuja kwa wiki mbili za kupima macho na miezi minane baadaye bado yupo, na ufunguo wa geti la ngazi umo kwenye kifundo cha kanga yake.

Na kweli taya zilianza kumuuma. Hilo ndilo lililommaliza Vicky. Kama zisingeuma angebisha. Lakini ndani ya mwezi mmoja alikuwa hawezi kutafuna nyama, masikio yanavuta, na kufikia jioni kipaji cha uso kinagonga. Mwenyewe akakubali kwamba huo ni ushahidi.

Tiba zikaanza. Kwanza minyoo, kwa sababu kila mtu mjini anajua kwamba mwenye kusaga meno ana minyoo. Vicky alimeza vidonge, na Mama Benedikta akameza kwa kumsindikiza. Goodluck hakumezeshwa. Zikafuata mbegu za papai zilizotwangwa na asali. Kisha mama mkwe akawa anamfunga kanga kila anapokwenda kulala, ikipita chini ya kidevu na kufungwa fundo utosini, hivyohivyo anavyofungwa maiti anayesubiri kuoshwa. Vicky alijiona kwenye kioo cha kabati siku ya kwanza akageuza uso. Hakuivua.

"Usiku wa jana umesaga kidogo," mama mkwe angesema asubuhi. Au, "Jana umezidisha." Goodluck alikuwa anaitikia kwa kichwa.

Jambo lenyewe lingebaki la ndani, lakini Mama Benedikta alilipeleka kwenye jumuiya yao ya kanisa. Jumamosi jioni wakajaa sebuleni watu kumi na sita, mwenyekiti wao mzee Leodegar akafungua Injili ya Marko mahali panaposimuliwa yule kijana aliyekuwa akitoka povu na kusaga meno kwa ajili ya pepo, akasoma polepole, na alipofika kwenye neno hilo akamtazama Vicky juu ya miwani. Vicky alipigishwa magoti katikati. Mikono ikamjaa kichwani, mingine mizito, mmoja una harufu ya vitunguu. Aliyeongoza rozari ni mumewe. Goodluck ana sauti nzuri ya kuongoza rozari, kila mtu husema hivyo.

Tangu siku hiyo watu wa jengo walimsalimia Vicky kwa sauti ya msibani. Wateja wakawa wanamtazama mdomo badala ya zipu anazowaonyesha.

Lakini pepo na minyoo havikuwa chochote mbele ya lile la Rombo. Katika ukoo wa kina Goodluck kulikuwa na imani yao, ambayo Vicky, Mchaga mwenzao wa Kibosho, hakuwahi kuisikia popote. Waliamini kwamba anayesaga meno usingizini anawasaga wanaume wa nyumba. Anawapunguza mmoja baada ya mwingine. Mkubwa wa ukoo, baba mkubwa Rogath, alikuwa anaumwa kifua tangu mwaka uliopita. Habari zilipomfikia aliitisha kikao, na uamuzi ukaletwa kwa simu: Krismasi Vicky apande nyumbani na mumewe kama kawaida, ila yeye asishuke. Abaki anyweshwe dawa ya ukoo mpaka meno yatulie. Miezi mitatu, ikibidi sita. Bahati nzuri, walisema, bado hajaua mtu. Na ili duka lisilale, wifi yake Angela angeshuka kulishika.

Angela alikuwa ameshapiga simu mwenyewe kuuliza duka lina makufuli mangapi.

"Unasemaje, Mama Candida?" Mama Benedikta aliuliza.

"Sawa, mama," alisema Vicky.

Goodluck hakusema ndiyo wala hapana. Tiketi za basi zilinunuliwa, za kwenda mbili, ya kurudi moja.

Aliyemtoa Vicky kwenye usingizi huo mwingine, ule wa mchana, ni jirani yake wa fremu, Bi Kuruthumu, muuza kanga, mzaliwa wa Gerezani, mama wa mjini ambaye hajawahi kuona sababu ya kushusha sauti. Siku hiyo alimletea Vicky muhogo wa kukaanga, Vicky akaukata vipande vidogovidogo na kumeza bila kutafuna.

"We mwanamke," Bi Kuruthumu alisema, "hivi umeshaenda kwa daktari wa meno?"

"Nimeombewa."

"Sijakuuliza kuombewa. Dua njema, na mimi nakuombea. Lakini kitu kiko mdomoni, na kuna watu wamesomea mdomo miaka mitano. Umepita kwa minyoo, umepita kwa mashetani, umefungwa kanga kama marehemu, wa meno ndiyo hujamfikia! Nenda Ilala, kuna kliniki pale, muulizie Daktari Najma. Duka nakuangalizia."

Vicky alimwambia mama mkwe anafuata mzigo wa lesi. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa mama yule, na alipovuka barabara aligeuka kutazama nyuma kama mwizi.

Daktari Najma alikuwa msichana mdogo mwenye ushungi wa kijani na mikono isiyo na haraka. Alimlaza Vicky kwenye kiti akamwambia afungue mdomo.

"Zaidi. Hapo ndiyo mwisho?"

"Ndiyo mwisho."

"Vidole viwili tu. Inatakiwa viingie vitatu." Akambonyeza mashavuni, kwenye kona za taya, Vicky akaruka. "Pole. Na hapa? Pole sana." Akamulika jino moja moja, juu na chini, kwa muda mrefu. Mwishoni akazima taa yake. "Dada Vicky, nani kakwambia unasaga meno?"

"Mama mkwe. Na mume wangu pia."

Daktari akampa kioo cha mkononi. "Ona magego yako. Yana vilele, yana mabonde. Mtu anayesaga kila usiku vilele hivi vinalika, vinakuwa bapa, meno mengine yanapata nyufa, mengine yanavunjika kabisa. Haya yako yangeweza kuwa ya binti wa sekondari. Siwezi kuapa kwamba hujawahi kusaga hata mara moja. Lakini haya si meno ya mtu anayesaga kila siku."

"Mbona yanauma, sasa?"

"Kwa sababu unabana. Mchana, ukiwa macho kabisa. Toa ulimi. Unaona pembeni umechorwa na meno? Unayafunga meno na kuyakaza masaa, hujui kama unafanya hivyo, na misuli inachoka. Ndiyo maana jioni ni mbaya kuliko asubuhi, au siyo?"

"Ni hivyo."

"Basi sikiliza. Meno ya juu na ya chini yanatakiwa kukutana ukitafuna na ukimeza. Muda mwingine wote yaachane. Midomo ifunge, meno yaachane, ulimi upumzike juu, nyuma ya meno ya mbele. Kitambaa cha maji ya moto mashavuni, asubuhi na jioni. Wiki mbili kula vitu laini. Bigijii acha, miwa acha, barafu usitafune. Na tafuta kitu ambacho macho yako yanakiona mara nyingi. Kila ukikiona, jiulize meno yako yako wapi. Ukikuta umebana, achia, halafu andika ulikuwa unafanya nini."

"Kwa hiyo siyo minyoo?"

"Minyoo ina ugonjwa wake."

"Wala pepo?"

"Sijawahi kuletewa pepo mwenye meno," alisema Daktari Najma, akacheka peke yake, kisha akaona Vicky ana machozi akaacha. "Wapo wanaosaga kweli. Hao tunawapima tunawatengenezea kinga ya plastiki ngumu ya kuvaa wakilala, ili wasimalize meno, na tunaongea nao kuhusu mawazo, pombe, usingizi. Si aibu wala si dhambi. Na dada, kama nyumbani kuna mlio unasikika kweli, basi kuna mtu anautoa. Mlete huyo."

Vicky aliyasikia maneno hayo ya mwisho akayaacha yapite. Kuna mambo mtu huyaelewa palepale na bado akajifanya hamnazo, kwa sababu akiyaelewa itabidi afanye kitu.

Alishona kifungo chekundu kwenye mkono wa blauzi yake. Kitu cha kutazama, daktari alisema, na yeye vifungo alikuwa navyo magunia. Siku ya kwanza alijikamata amebana mara ishirini na tatu, akaziandika nyuma ya kitabu cha oda. Si akiwa na wateja, hata wale wasumbufu. Si akiwa anapanda ngazi. Alibana alipomsikia mama mkwe anazungusha ufunguo kwenye geti. Alibana alipofungwa kanga. Alibana mezani, kila aliposema "Sawa, mama", na alilisema neno hilo mara nyingi kuliko alivyodhani. Siku ya tatu aliacha kuandika. Alikuwa ameelewa, na kuelewa kwenyewe hakukumfungulia geti.

Jumapili hiyo walirudi kutoka misa ya pili wakakuta umeme umekatika. Mtaa wenyewe ulikuwa umepoa, maduka mengi yamefungwa, hakuna spika wala mikokoteni. Bila feni nyumba ilikuwa kama jiko. Goodluck alivua shati, akajilaza kwenye mkeka sebuleni, na haikupita robo saa akawa amelala chali mdomo umefungwa. Mama Benedikta alikaa kwenye kigoda karibu yake anamenya ndizi za mtori. Vicky alikuwa jikoni.

Akausikia.

Mara ya kwanza alidhani ni mama anakwangua kitu. Ukaja tena, mkavu, mrefu, wa jiwe juu ya jiwe, mpaka vinyweleo vya mikono vikamsimama. Alitoka na bakuli mkononi akasimama mlangoni. Taya ya mumewe ilikuwa inakwenda upande huu na kurudi upande ule, polepole, kwa nguvu, na mishipa ya shingo imemtoka.

Mama Benedikta hakuwa amemwona mkwewe. Aliweka kisu chini, akajifuta vidole kwenye kanga, akanyoosha mkono na kumgusa mwanawe chini ya kidevu, vidole viwili, akakisukuma kidogo kwenda pembeni. Mlio ukakata. Goodluck akashusha pumzi akaendelea kulala. Mama akachukua kisu akaendelea na ndizi. Alifanya yote hayo bila hata kuangalia, kwa mkono uliozoea kazi hiyo miaka.

Vicky aliweka bakuli sakafuni.

"Mama."

Mwanamke yule aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu mama ashuke kutoka Rombo, Vicky akaona jinsi alivyozeeka.

"Ni yeye," Vicky alisema.

"Punguza sauti."

"Miezi minane, mama. Mmenifunga kanga. Mmenipigisha magoti mbele ya watu."

"Punguza sauti, nakuomba." Akaweka kisu kando. "Kaa. Kaa nikwambie."

Vicky hakukaa. Mama Benedikta akamwambia hivyohivyo, Vicky akiwa amesimama. Goodluck alianza kusaga akiwa na miaka minne. Shangazi yake akasikia, akasema mtoto huyu atamzika baba yake. Mtoto alipofika miaka saba baba yake, marehemu Ansbert, akaugua tumbo, akafa ndani ya mwezi mmoja. Ukoo ukakaa kikao juu ya mtoto wa miaka saba. Walitaka aondolewe nyumbani, apelekwe mbali, asihesabiwe. Mama akawaapia kwamba ameacha, hasagi tena. Akawa analala naye, mkono kidevuni, kila siku, mpaka alipompeleka seminari.

"Mwaka jana Krismasi," alisema, "tulilala wote kwa baba yao mkubwa. Asubuhi mkewe akaniita uani akaniuliza ni nani anayesaga meno kwenye chumba chenu, wewe na Goodluck. Na shemeji Rogath ndiyo kwanza kaanza kukohoa. Ningesema nini? Nikasema ni mkwe."

"Ukasema ni mimi."

"Wewe hujazika mtu. Nilijua watakuombea tu, yaishe. Sikujua watataka ubaki. Kilishanitoka mdomoni, nitakirudishaje? Nilikuja huku nilinde kisibainike, basi."

"Daktari ameniambia kuna kinga wanavaa. Plastiki tu, mama! Mngempeleka akapimwa!"

"Kumpeleka ni kusema ni yeye."

Goodluck alikuwa ameamka. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, macho kwenye vidole vya miguu yake.

"Ulijua?" Vicky alimuuliza.

"Seminari walikuwa wananiita Mashine," alisema.

"Kwa hiyo siku ile ya chai ulijua. Na ukaongoza rozari."

"Vicky, ni Desemba moja tu. Vumilia. Ukikaa kidogo kule nitakuja kukuchukua. Wakijua ni mimi, watasema nilimuua mzee. Unaelewa? Mzee wangu mwenyewe." Vicky akamwonea huruma kweli, akachukia kwamba anamwonea huruma. Alitazama nondo za dirisha, akamtazama mama, akamtazama mume. Akisema ukweli anamfanya huyu muuaji wa baba yake. Akinyamaza anakwenda kunyweshwa dawa ya ugonjwa asio nao, na akirudi atamkuta Angela amebadilisha makufuli. Meno yake yalikuwa yamekutana, yamekazwa mpaka macho yanaona nyota.

Simu ya Mama Benedikta ikaita juu ya meza. Kila Jumapili saa nane baba mkubwa Rogath hupiga, na kila Jumapili huwekwa kwenye spika wamsalimie wote. Iliita mpaka ikakaribia kukatika ndipo mama alipoipokea.

Kikohozi kilitangulia. "Mke wetu yupo? Mama Candida?"

"Nipo, baba mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Umejiandaa? Dawa imeshachimbwa."

Mama na mwana walikuwa wanamtazama. Vicky aliangalia kifungo chekundu. Aliachia taya, iliuma ilipoachia.

"Baba mkubwa, mimi sisagi meno. Nimepimwa hospitali. Sijawahi kusaga."

Jogoo aliwika kwenye simu.

"Kama si wewe," baba mkubwa alisema, na sasa hakuwa anakohoa, "ni nani anayesaga kwenye chumba kile? Goodluck! Goodluck upo hapo?"

Goodluck alifungua mdomo. Vicky alimsubiri. Alimsubiri kwa moyo wake wote; alitamani aseme lolote, hata uongo, mradi autoe mwenyewe. Mdomo ulikaa wazi hivyo, kisha ukafungwa.

"Ni mimi, shemeji," alisema Mama Benedikta.

"Nani?"

"Mimi. Ninayesaga ni mimi. Ukuta wao na wangu ulikuwa mmoja, mkasikia mkadhani ni kwao. Nikamsingizia mkwe kwa aibu."

"Wewe, Benedikta." Mzee alivuta pumzi. "Tangu lini?"

"Tangu naolewa."

"Yaani hata mdogo wangu alipokuwa hai."

"Hata alipokuwa hai."

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mwanamke yule alikuwa amejitwika kifo cha mume wake, mbele ya ukoo mzima, kwa sababu baba mkubwa Rogath hajawahi kupokea habari akakaa nayo peke yake. Kikohozi kilirudi, kirefu. Kilipotulia mzee alisema tu kwamba basi atakayebaki ni yeye, na kwamba kabla ya dawa kutakuwa na kikao.

"Nitabaki, shemeji," alisema mama. Simu ikakatwa.

Vicky alikuwa amepona. Duka lake lilikuwa limepona. Alijipapasa ndani atafute furaha, hakuikuta.

"Mama, si kweli," alisema. "Mpigie umwambie si kweli. Goodluck, mpigie wewe."

Goodluck alisogea mkekani mpaka miguuni pa mama yake, akaweka kichwa gotini kwake, lijitu zima lile.

"Asante, mama," alisema.

Mama alimshika kichwa. Vicky akangoja, kama mpumbavu, huenda na yeye ataambiwa neno. Miezi minane alikuwa amemsagia mtu huyu meno yake, na hata pole hakupewa. Goodluck hakuinua uso.

Vicky akaingia chumbani. Alichukua mto wake, shuka yake na gauni la kulalia, akapita navyo mbele yao mpaka chumba cha pili, ng'ambo ya ule ukuta wa mbao, akavitupa kwenye kitanda cha mama mkwe.

"Tangu leo nalala huku," alisema mlangoni. "Chumba kile alale mwenyewe. Atakayesikika humo ndiye."

Goodluck alimtazama mama yake aseme kitu.

Mama Benedikta alifungua kifundo cha kanga, akautoa ufunguo wa geti na kuuweka juu ya meza. Kisha akaingia chumbani akasogeza vitu vyake upande wa ukutani, mkwewe apate nafasi.